Gumba Lisiloinuka

Mwisho wa korido ya hospitali, ukishapita stoo ya mashuka, kulikuwa na chumba ambacho watu walikiogopa kuliko chumba cha sindano. Kilikuwa chumba cha plasta. Mwenye chumba aliitwa Zege. Mkewe alimwita Baba Pacha, wakubwa wake walimwita fundi, lakini wagonjwa walimwita Zege, kwanza kwa siri, kisha mbele yake, kwa maana hakuchukia. Alifunga plasta kama mtu anayemwaga msingi wa nyumba, na akishamaliza, mkono wako haukuwa wako tena mpaka yeye aseme.

Kazi yake ilikuwa nzuri. Nalisema hili mapema nisije nikaonekana namwonea. Kwa miaka ishirini na mitatu hakuchelewa hata siku moja, hakupokea cha chini ya meza, wala hakumrudisha mtu nyumbani na plasta inayochubua. Lakini uaminifu nao una hatari yake. Mtu akishajijua kwamba haibi, ni rahisi mno kuamini kwamba hakosei.

Zege aliwagawa wagonjwa mafungu mawili. Waliovunjika mfupa ukapinda aliwaheshimu. Aliwavuta, akawanyoosha, akawaita "shujaa". Waliopata ufa tu, mfupa umepasuka bila kuhama mahali pake, aliwadharau. Aliinua picha ya eksirei kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama kwa jicho moja.

"Huu ndio umekuleta? Huu si mvunjiko, huu ni mkwaruzo. Kaa hapo, acha kulia."

Mwaka mmoja akaletwa mama mmoja, mkata nguo kwenye karakana ya kushona sare za shule. Alikuwa ameteleza mlangoni pa karakana, akaangukia kiganja cha mkono wa kulia. Kifundo kilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Zege akafunga, akamwambia arudi wiki ya sita. Wiki ya sita akarudi, plasta ikatolewa, mkono ukawa mnyoofu, mfupa umeunga. Akaagwa.

Siku tisa baadaye mkata nguo alikuwa mlangoni tena, na mkasi wake mkubwa kwenye mfuko.

"Kaka, gumba langu haliinuki."

"Linauma?"

"Haliumi. Juzi nilikuwa nafungua mkasi, nikasikia kitu kimekatika ndani, tii, kama uzi. Tangu hapo limelala."

Zege akatoa mpira wa kitambaa kwenye droo, ule aliowapa wote waliotolewa plasta. "Minya."

Mama akaminya.

"Minya zaidi. Haya. Unaminya au huminyi?"

"Naminya. Kufunga nafunga, kaka. Kufungua ndiko kunakonishinda. Tazama." Akatoa mkasi, akaingiza gumba kwenye tundu, akaufunga vizuri. Kisha akajaribu kuufungua. Gumba likakaa pale pale kama mgeni asiyejua kuaga. Ikabidi atumie mkono wa kushoto kuutanua.

"Mkono wenye nguvu ya kuminya ni mkono mzima," Zege akasema. "Wewe umezoea kupumzika. Wiki sita umepikiwa, umefuliwa, sasa mkono umeonja raha. Kafanye mazoezi."

"Mimi nipikiwe na nani? Nyumba yangu ina mimi na mama yangu mzazi, naye haoni."

"Mama, nina foleni."

Akaandika kwenye daftari kubwa la chumba, kwa mwandiko wake uliosimama wima: *Gumba. Mvivu. Hafanyi mazoezi.* Mkata nguo alikuwa anajua kusoma, tena aliusoma mwandiko ule ukiwa kichwa chini miguu juu, kutoka upande wa pili wa meza.

Alirudi mara mbili nyingine. Mara ya pili alipewa mpira mgumu zaidi. Mara ya tatu hakupita mlangoni. Zege alimwona kwenye foleni, akamnyooshea kidole mpaka watu wote wakageuka. "Yule pale, mama wa mkasi, arudi kwake. Hapa tunatibu mifupa, hatutibu uvivu." Watu wakacheka, kwa kuwa mtu aliye kwenye foleni hucheka chochote kinachopunguza foleni. Kule karakana, meza ya kukatia akapewa mwanamke ambaye mkata nguo mwenyewe ndiye aliyemfundisha kushika mkasi, na mkata nguo akawekwa kwenye kiti cha kushona vifungo.

Zege jioni ile aliigiza kisa kile nyumbani, mezani. Alilegeza gumba, akabana sauti puani, "Kaka, haliinuki, kaka!" Watoto wake pacha, wakubwa wenye ndevu, wakacheka. Mkewe hakucheka. Alisema tu, "Mwanamke hajisumbui kuja mara tatu kwa uvivu, Baba Pacha. Mvivu hukaa nyumbani." Akaambiwa ashughulikie mboga.

Miezi minane ikapita.

Sakafu ya chumba cha plasta hulowa, na maji yenye plasta huteleza kuliko sabuni. Mfagiaji alikuwa amelalamika mara nyingi aachiwe nafasi ya kupiga deki mchana. Zege alimjibu kwamba anayejua kutembea hatelezi. Basi akateleza. Alikuwa amebeba ndoo, akakanyaga kipande cha bendeji iliyolowa, akaenda chini kwa kiganja cha mkono wa kulia, mbele ya mfagiaji yule yule.

"Pole, fundi," mfagiaji akasema, ameegemea fagio. "Nilidhani wewe unajua kutembea."

Picha ya eksirei ilionyesha ufa. Zege akaishika kwenye mwanga, akacheka kweli kweli. "Mkwaruzo!" Hakwenda kwa daktari. Alilowesha bendeji mwenyewe, akaivuta kwa meno na mkono wa kushoto, akajifunga plasta safi ambayo hata mimi niliyeiona siwezi kuitoa kasoro. Aliendelea kufanya kazi kwa mkono mmoja. Wiki ya tano, kwa kuwa yeye ndiye sheria ya chumba kile, akajiruhusu, akaikata.

Siku ya kumi na moja baada ya hapo alikuwa anamfungua mzee mmoja plasta ya mguu. Nyuma ya kifundo cha mkono kulikuwa kunamuuma kwa siku kadhaa, maumivu fulani ya kijinga, akayapuuza. Akaingiza mkasi wa plasta, akakata mara moja. Akataka kuutanua akate tena. Mkasi haukutanuka. Akatazama. Vidole vinne vilikuwa vinamtii. Gumba lilikuwa limelala ndani ya tundu la mkasi kama limekufa.

Hakusikia maumivu. Hilo ndilo lililomtisha.

"Vipi, fundi?" mzee akauliza. "Mkasi umegoma?"

"Nyamaza, babu."

Alimaliza kwa mkono wa kushoto. Kisha akafunga mlango, akafungua droo, akatoa mpira wa kitambaa, akaminya. Aliminya vizuri kabisa. Akaminya mpaka mishipa ikasimama. Akaweka mpira chini, akataka kulinyoosha gumba, nalo likabaki limejikunja.

Kwa wiki mbili alificha. Alivaa shati za kuvutia kichwani asihangaike na vifungo. Alishika kikombe kwa juu kama mtu anayechota mchanga. Aliminya mpira asubuhi, akaminya njiani, akaminya mbele ya redio. Nyumbani mkewe alimtazama siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Siku ya nne, mezani, akaweka kijiko chini.

"Baba Pacha, hilo gumba linainuka?"

"Linahitaji mazoezi."

"Nimekuuliza linainuka?"

Zege akavuta bakuli la mboga karibu.

"Hebu nikumbushe," mkewe akasema taratibu. "Yule mama uliyekuwa unatuigizia hapa. Alikuwa anasemaje vile? Kaka, haliinuki, kaka?"

"Usinichokoze, Mama Pacha."

"Sikuchokozi. Nakuuliza kama na wewe siku hizi umekuwa mvivu."

Mmoja wa pacha akajifanya anakohoa. Zege akainuka na chakula chake hakukimaliza. Lakini alijua, na mkewe alijua kwamba anajua: fundi wa plasta asiyeweza kufungua mkasi hana chumba. Wangempa kiti pale mlangoni agawe namba za foleni mpaka astaafu. Mtu aliyetawala kwa gumba angekuwa anagawa vikaratasi.

Kila mwisho wa mwezi alikuja daktari wa mikono, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini, umri wa kuwa binti yake. Zege alisubiri mpaka mgonjwa wa mwisho akatoka, ndipo akaingia, akasimama.

"Mwanangu," akaanza, "nina jambo dogo."

"Kaa, fundi. Weka kiganja chako mezani. Hivyo, kilale chote. Sasa inua gumba peke yake, liache meza."

Ilichukua muda mfupi kuliko kupiga chafya. Gumba la kushoto liliinuka kama kichwa cha kuku. La kulia halikutikisika.

Daktari akapitisha kidole nyuma ya kifundo, akabonyeza kinundu kidogo cha mfupa kilicho pale. "Kano inayoinua gumba inapita hapa, inakata kona kwenye hiki kinundu kama kamba kwenye roda. Mfupa ukipata ufa bila kuhama, ala inayoifunika kano inabaki nzima, damu na uvimbe vinajaa humo ndani, kano inabanwa, inakosa damu, inaoza polepole. Halafu siku moja inakatika. Mfupa uliohama, mara nyingi hupasua ala, kano ikapata nafasi. Kwa hiyo jambo hili huwapata zaidi wenye ufa. Hao unaowaita wa mkwaruzo."

"Lakini naminya vizuri."

"Misuli ya kuminya iko upande wa pili wa mkono, fundi. Ni kama kupima mlango kama unafunguka kwa kuusukuma uufunge." Akamtazama. "Wenye ufa wakija na gumba, huwa unawapima vipi?"

Daktari akaomba daftari la chumba. Zege angeweza kusema limepotea; madaftari hupotea. Nampa haki yake: alilileta. Alilileta mwenyewe, akalifungua mwenyewe, akaenda kando ya dirisha akawa anatazama nje. Daktari akasoma kurasa za miaka minne kwa kidole. Alikuta wagonjwa saba wa gumba. Kwa wote saba sentensi ilikuwa moja, mwandiko mmoja wima: *Gumba. Mvivu. Hafanyi mazoezi.*

"Nitakupasua mwezi ujao," daktari akasema, bila kupandisha sauti. "Wewe ni mgonjwa, na mgonjwa hatibiwi kwa tabia yake. Lakini siku hiyo nataka na hawa wawe wamepatikana. Si kwa barua. Utakwenda wewe."

"Mimi? Nikawaambie nini?"

"Hilo ulipaswa kujiuliza ulipokuwa unaandika."

Wawili hawakupatikana. Mmoja alikuwa amehama, hakuna aliyejua wapi, na mmoja namba yake ilipokelewa na mtu mwingine. Hao wawili bado wapo mahali fulani na magumba yaliyolala, wakiamini kwamba ni uvivu wao. Wanaosema kosa likikiriwa limekwisha, wakawatafute hao kwanza.

Wanne walikubali bila maneno mengi. Wa saba alikuwa mkata nguo.

Zege alimkuta karakana, kwenye kiti cha nyuma, kati ya makopo ya vifungo, cherehani kumi na mbili zikinguruma mbele yake. Mkata nguo alimtambua kabla hajafika. Hakuinuka.

"Umekuja kunipima uvivu kazini kwangu?"

"Dada, nimekuja kwa jambo la..."

"Sema kwa sauti. Wewe husemaga kwa sauti. Foleni nzima inasikia."

Cherehani moja ikanyamaza, kisha ya pili, mpaka karakana nzima ikawa kimya. Zege akaweka mkono wa kulia juu ya meza ya vifungo, kiganja chini. Akainua vidole vinne. Gumba likabaki.

Mkata nguo akalitazama muda mrefu. Akafungua droo, akatoa kitu, akamtupia kifuani. Kilikuwa mpira wa kitambaa, ule aliopewa na hospitali.

"Minya," akasema.

Wanawake wa cherehani wakaangua kicheko. Hakikuwa kicheko cha furaha. Zege alisubiri kiishe, akaeleza lililomleta: daktari, siku, mahali, kwamba hata baada ya miezi mingi linaweza kutengenezwa. Aliongea akitazama makopo. Mkata nguo akauliza maswali yote muhimu, akaandika siku kwenye kiganja chake.

"Nitakuja. Nakuja kwa ajili ya mkasi wangu, usije ukadhani nakuja kwa ajili yako. Na lile daftari?"

"Lipo."

"Uliandika kwa wino?"

"Kwa wino."

"Basi tutakapokutana tena, lilete."

Kano iliyokatika hivyo haishonwi. Ncha zake huwa zimechakaa kama kamba ya kisima iliyozeeka. Daktari alichukua kano nyingine. Kidole cha shahada kina kano mbili za kukinyoosha, moja inatosha. Akaikata ile ya pili karibu na kidole, akaivusha chini ya ngozi, akaiunga kwenye gumba. Majeraha madogo matatu. Mkata nguo alipasuliwa asubuhi, Zege mchana. Wiki nne wakakaa na banzi mikononi, kila mmoja kwao. Banzi la Zege alilifunga mtu mwingine. Alilikuta na kasoro sita, akazitaja zote.

Wiki ya tano wakakutana chumba cha mazoezi, benchi moja, maana benchi lilikuwa moja. Mama wa mazoezi, mnene, mwenye kicheko cha karibu, akawawekea mikono mezani.

"Sikilizeni. Ile kano imehamia nyumba mpya, lakini bado inatii amri ya zamani. Ukiiambia gumba inuka, haisikii. Iambie kidole cha shahada kinyooke. Yaani usiwaze gumba kabisa. Waza unamnyooshea mtu kidole."

"Kumbe!" mkata nguo akasema. "Basi huyu atapona leo leo."

Mama wa mazoezi alicheka mpaka akafuta macho. Zege hakucheka. Akajaribu. Aliwaza mlango, akaunyooshea. Aliwaza dirisha. Gumba halikusogea. Mtu aliyewanyooshea kidole watu miaka ishirini na mitatu, siku aliyoambiwa afanye hivyo kwa faida yake, hakuwa na wa kumnyooshea.

"Haya, mama, wewe."

Mkata nguo akageuza mkono wake ukamwelekea Zege. "Huyu," akasema. "Alinirudisha mara tatu." Kidole kikatetemeka. "Alinipa mpira." Gumba likatikisika. "Aliniita mvivu mbele ya watu, na nyumbani nina mama asiyeona ananiuliza kwa nini siku hizi nakata nyanya kwa meno." Gumba likainuka. Liliinuka kidogo, upana wa kifungo cha shati, likakaa juu.

Mkata nguo alilitazama gumba lake, akaligeuza, akalishusha, akaliinua tena. Halafu akamgeukia Zege na uso ule ule mkavu.

"Daftari umeleta?"

Alikuwa nalo kwenye mfuko. Akalifungua kwenye ukurasa wake.

"Ninyooshee mimi kidole, kama siku ile. Lakini sema ukweli safari hii."

"Dada, haya ni mazoezi, si..."

"Nyoosha!"

Zege akageuza mkono. Jasho lilikuwa limemtoka kwenye mdomo wa juu. "Wewe," akasema, akakwama. "Wewe hukuwa mvivu. Mimi sikukupima." Hata yeye hakuliona, mama wa mazoezi ndiye aliyegonga meza. Gumba lilikuwa limeinuka.

"Nimesikia," mkata nguo akasema. "Sijasamehe. Sasa andika."

Akaandika kwa mkono ule ule, kalamu ikimteleza. Ule mwandiko wima ulikuwa umelala kama nyasi zilizokanyagwa: *Kano ilikatika. Fundi hakupima.* Mkata nguo akausoma kichwa chini miguu juu, akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye mazoezi yake. Mwezi wa tatu alikalia tena meza ya kukatia. Siku aliyorudi, Zege alipita nje ya karakana akamwona kupitia dirishani, mkasi ukifunguka na kufunga kwenye kitambaa cha kijivu. Alimpungia. Yeye aliona, akaendelea kukata.

Zege naye alirudishiwa chumba. Wako wanaosema amekuwa mpole. Si kweli. Bado ni mkali, bado anadharau wanaolia, na mfagiaji naye hajaombwa radhi mpaka leo, ingawa sakafu inapigwa deki mchana. Lakini kuna meza ndogo amesogeza karibu na mlango, na mwenye ufa hatoki bila kuipitia, wala harudi wiki ya pili, ya nne na ya sita bila kuipitia tena.

Juzi aliletwa mpagazi mmoja wa sokoni, mkono umetolewa plasta, ana haraka ya kwenda kupakua gari.

"Weka kiganja hapo. Inua gumba."

"Ah, mzee, ulikuwa ufa tu. Wewe mwenyewe uliniambia mfupa umeunga."

"Mfupa nimeshauona. Inua gumba."

"Nina nguvu, mzee, tazama, naweza hata kukuminya..."

"Sitaki kuminywa!" Sauti ilifika mpaka stoo ya mashuka. "Nimesema weka mkono mezani!"

Mpagazi akauweka, akinung'unika, na Zege akainama mpaka pua yake ikakaribia meza, akisubiri.